Kinachovuja Polepole

Kuna neno moja ambalo mpimaji wa mivujo hapaswi kulitamka kazini, ingawa sisi wengine tunalitumia kila tunaponunua ndoo au kufunga mtungi wa gesi: hakivuji. Yeye hutaja kiasi. Husema kifaa hiki kinavuja chini ya kiwango fulani, na chini ya hapo mashine yangu haioni kitu, kisha anatia saini. Ukimbana aseme kama kimezibika kabisa au la, atakurudisha kwenye tarakimu ileile. Si ukaidi. Hana jibu jingine la kweli.

Tarakimu zenyewe ni ndogo kiasi cha kuchosha akili. Mvujo hupimwa kwa sentimita za ujazo za gesi zinazopita kila sekunde, na mara nyingi kinachotajwa ni sehemu za milioni au za bilioni za sentimita hiyo. Tundu linalopitisha sehemu moja ya bilioni kila sekunde litachukua karibu miaka 32 kupitisha sentimita moja ya ujazo, yaani gesi isiyojaza hata kizibo cha chupa ya soda. Kwa ndoo, tundu la namna hiyo halipo. Kwa kifaa kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotakiwa kufanya kazi miaka 20 bila kufunguliwa, lipo, na huenda ndilo litakalokiua.

Vifaa hivyo tumezungukwa navyo. Fuwele inayohesabu sekunde ndani ya saa ya mkononi imefungiwa kwenye kopo dogo la chuma. Chipu za setilaiti hufunikwa kwa kauri na dhahabu. Kuna swichi zinazojifungua na kujifunga ndani ya kioo, vitambuzi vya mgandamizo, viwashio vya mifuko ya hewa ya magari. Ndani huwekwa naitrojeni kavu au ombwe, kisha mdomo huchomelewa au kulehemiwa, na tangu siku hiyo hakuna jicho litakaloingia humo tena bila kukiharibu kifaa.

Adui anayezuiwa ni maji. Nyaya za ndani ni nyembamba kuliko unywele, na tone lisiloonekana likichanganyika na chembe ya chumvi iliyosahauliwa na kidole cha mtu linatosha kuzila. Viwango vya kijeshi vya Marekani, ambavyo viwanda vingi vya raia navyo huvifuata, kwa muda mrefu vimeruhusu molekuli za maji zisizozidi 5,000 katika kila milioni moja ya gesi iliyomo ndani. Idadi hiyo haikuokotwa barabarani. Gesi yenye molekuli kama 6,000 za maji, ikiwa katika mgandamizo wa kawaida, huanza kutoa umande inapopoa hadi nyuzi 0. Ukibaki chini ya hapo, unyevu hauwi maji hata kifaa kipoe namna gani. Huganda moja kwa moja kuwa barafu nyembamba, na barafu haiyeyushi chumvi wala haisafirishi umeme kama maji. Aliyeweka kikomo hiki alijua hawezi kuyafukuza maji yote. Aliridhika kuyanyima nafasi ya kuwa tone.

Hakuna mahali pabaya pa kuweka elektroniki kuliko kifua cha binadamu: joto la nyuzi 37, maji ya chumvi pande zote, usiku na mchana, bila likizo. Tarehe 8 Oktoba 1958, jijini Stockholm, daktari wa upasuaji Åke Senning alimwekea Arne Larsson kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Elmqvist alikuwa amevizamisha vipande vyake ndani ya epoksi, na kalibu aliyotumia ilikuwa kopo la dawa ya viatu aina ya Kiwi, lilelile lililopitia mikononi mwa kila mwanafunzi wa bweni Afrika Mashariki. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache, kikawekwa cha pili. Epoksi ni ngumu ukiigusa, lakini molekuli za maji hupenya ndani yake taratibu, na kwa miaka mingi betri za moyo, kama vifaa hivi vinavyoitwa, zilikuwa na desturi ya kulowa. Ni katika miaka ya 1970 ndipo zilipoanza kufungiwa ndani ya makopo ya titani yaliyochomelewa pande zote. Larsson alitumia vifaa 26 maishani mwake. Alifariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, na kufikia hapo alikuwa amewazika, kwa maana ya kalenda, mhandisi na daktari wake wote wawili.

Leo wagonjwa huwekewa betri za moyo Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na hurudi nyumbani kulima au kufundisha. Kopo lililo kifuani mwao lilishapimwa na mtu wasiyemjua. Nyingi ya betri hizo hujazwa gesi yenye heliamu kabla ya kufungwa, ili kama mshono una dosari, heliamu itoke na kujitangaza mbele ya mashine.

Kwa nini heliamu? Atomu yake ni ndogo mno, haiungani na chochote, haiwaki, haina sumu. Zaidi ya yote ni adimu hewani, takriban chembe 5 katika kila milioni, hivyo mashine ikiinusa, unajua imetoka wapi. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hiyo, lakini imejaa kila mahali, katika maji, katika mafuta, hata ndani ya chuma chenyewe. Ukiitumia kutafuta tundu utakuwa unamtafuta mtu mwenye kanzu nyeupe siku ya Idi.

Historia ya gesi hii haikukaa mbali na suala la kuvuja. Ilijulikana kwanza kwa alama yake katika mwanga wa Jua mwaka 1868, na mwaka 1895 William Ramsay akaipata hapa duniani, jijini London, akiichomoa kutoka kwenye jiwe lenye urani. Mwaka 1908, Manchester, Ernest Rutherford na Thomas Royds walitaka kuthibitisha kwamba chembe za alfa zinazorushwa na vitu vyenye mnururisho ni heliamu. Otto Baumbach, fundi wa vioo, aliwapulizia mrija ambao ukuta wake ulikuwa mwembamba kuliko sehemu moja ya mia ya milimita: mwembamba kiasi cha kupitisha chembe za alfa zinazokwenda kasi, imara kiasi cha kuzuia gesi. Walijaza radoni ndani, wakasubiri, na baada ya siku chache heliamu ikaonekana upande wa nje. Mtu mwingine angekimbilia kuandika makala. Wao walijiuliza: je, kama mrija wenyewe unavuja? Wakaujaza heliamu tupu na kusubiri tena. Nje hapakuonekana kitu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio la mvujo lililo safi kuliko yote yaliyowahi kufanywa, na wengi wanaolisimulia huiruka hatua hiyo kana kwamba ni usafi wa meza.

Mashine ya kunusa heliamu kama tunavyoijua ilitoka katika kazi isiyo na usafi wowote. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga kiwanda cha K-25 huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee, kutenganisha aina mbili za urani kwa kuipitisha ikiwa gesi katika vichujio vyenye vitundu visivyoonekana, hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua. Gesi hiyo, urani heksafloridi, haipatani na unyevu. Hewa ya kawaida ikipenya, maji yaliyomo humo huungana nayo na kuacha unga unaoziba vichujio pamoja na asidi inayokula vyuma. Kiwanda kizima, miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani wakati huo, kilipaswa kuzibwa kama chupa moja. Povu la sabuni halikufaa. Tundu linalotosha kukiua kiwanda lilikuwa dogo mno kutoa hata kiputo. Alfred Nier, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyekuwa bingwa wa mashine za kupanga atomu kwa uzito, pamoja na wenzake, waliigeuza mashine ya maabara kuwa kifaa cha karakana. Unavuta hewa yote kutoka ndani ya bomba, unapulizia heliamu nje, mshono kwa mshono, na mashine iliyounganishwa upande wa ndani inakaa kimya hadi ione kitu chenye uzito wa 4.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi ya leo, katika nchi ya wachimbaji wanaozungumza Kiswahili. Kampuni ya Union Minière, chini ya Edgar Sengier, ilikuwa imekwisha kusafirisha zaidi ya tani elfu moja za madini hayo hadi New York mwaka 1940, na mawe yake yalikuwa na utajiri wa urani ambao migodi mingine haikuufikia. Waliobeba mawe hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Wafanyakazi wa Oak Ridge nao, walio wengi, hawakuambiwa, hadi Hiroshima iliposikika redioni Agosti 1945. Usiri ulizibwa kwa bidii ileile ya mabomba, ila haukuwa na mashine ya kuupima: Klaus Fuchs, aliyefanya hesabu za mbinu hiyohiyo ya vichujio akiwa New York, alikuwa akipeleka habari kwa Wasovieti.

Katika historia hii yote kuna jambo ambalo sijawahi kulizoea. Heliamu iliyopo ardhini ni zao la urani na thori zinazooza taratibu ndani ya miamba. Kila chembe ya alfa, ikishatulia, ni heliamu. Gesi iliyopulizwa kwenye mishono ya K-25 ili kuilinda urani ilikuwa uzao wa urani nyingine, iliyooza gizani kwa mamilioni ya miaka kabla hajatokea mtu wa kuitafuta.

Bomba la kiwanda lina faida moja: unaweza kuunganisha pampu. Kifaa kidogo kilichokwisha kufungwa hakina mlango. Ndipo kazi inapogeuzwa. Vifaa hupangwa ndani ya chemba nene ya chuma, heliamu ikashindiliwa humo kwa mgandamizo wa angahewa kadhaa, na vikaachwa saa mbili, tano, wakati mwingine siku nzima. Chenye tundu kitaimeza heliamu kidogo. Kisha vinatolewa, vinapulizwa, na kabla ya saa moja kwisha vinaingizwa katika chemba nyingine iliyo ombwe, mashine ikisubiri kuona ni kipi kitairudisha gesi kiliyoimeza. Hesabu za kutafsiri kinachoonekana kuwa ukubwa wa tundu ziliwekwa sawa na watafiti Howl na Mann mwaka 1965, na wapimaji bado wanazitumia.

Hapo pana mtego, na sijui taaluma nyingine yenye mtego mzuri kama huu. Kifaa chenye tundu dogo huimeza heliamu taratibu na kuitoa taratibu, hivyo mashine inakikamata. Chenye tundu kubwa huimeza nyingi, lakini dakika chache baada ya kutolewa kwenye chemba kinakuwa kimeshaitoa yote. Kikifika mbele ya mashine hakina kitu cha kutoa, na mashine inakipitisha. Kibovu kupita vyote na kizima kupita vyote vina jibu moja. Methali ya ufa na ukuta, ambayo msomaji bila shaka ameshaikumbuka, haisaidii hapa. Hiyo inachukulia kwamba mwenye nyumba anauona ufa.

Kwa hiyo jaribio la pili ni la lazima, nalo ni la kizamani. Vifaa hulowekwa chini ya mgandamizo katika kimiminika chepesi cha florini na kaboni, kinachopenya kila tundu kubwa, kisha huzamishwa katika kimiminika kizito zaidi kilichopashwa moto hadi nyuzi 125. Kilichojificha ndani huchemka na kutoka kama viputo. Mtu hukaa na lenzi, taa ikimulika, nyuma pakiwa peusi pasipong'aa, akitazama nusu dakika nzima. Ni kazi ileile ya fundi wa baiskeli anayezungusha mpira kwenye beseni la maji akitafuta pancha, na nadhani fundi huyo angeielewa kabla hujamaliza kumweleza.

Mpangilio nao una sababu yake. Heliamu hutangulia, viputo vinafuata. Ukigeuza, kimiminika huziba vitundu vidogo, na kifaa kibovu kinapita jaribio la heliamu kwa sababu jaribio lenyewe limekitibu kwa siku mbili tatu. Kuna pia karakana zinazotumia kriptoni 85, gesi yenye mnururisho: ikishaingia ndani ya kifaa haina haja ya kutoka, mionzi yake hupimwa kupitia ukutani. Ni njia nzuri, lakini inataka leseni na watu waangalifu, ndiyo maana haijaenea.

Nirudi kwenye tarakimu, kwa sababu hapo ndipo ninapowalaumu watu wa kazi hii. Kwa miongo kadhaa, kikomo kilichotumika sana cha kijeshi kwa kifaa chenye nafasi ya ndani isiyozidi sehemu moja ya mia ya sentimita ya ujazo kilikuwa sehemu 5 za milioni mia moja za sentimita hiyo kwa sekunde. Kinasikika kikali. Gawanya nafasi kwa mvujo: sekunde 200,000, yaani siku mbili na saa kama saba na nusu. Kifaa kilichosimama mpakani hapo, kikapita jaribio kwa haki na kupewa muhuri, kingebadilishana karibu theluthi mbili ya gesi yake na hewa ya nje katika muda huo. Hesabu hiyo inahitaji penseli tu. Vifaa vingi viliokoka kwa sababu vilikuwa vizuri kuliko kikomo chao, si kwa sababu kikomo kiliwalinda watumiaji. Baadaye wataalamu walipiga kelele, na viwango vikakazwa kwa vifaa vya daraja la juu. Lakini kwa muda mrefu watu walilinda tarakimu iliyokuwa rahisi kupimwa wakidhani wanalinda kifaa.

Na wakati mwingine heliamu yenyewe ndiyo ugonjwa. Mwaka 2018, katika hospitali moja jimbo la Illinois, mafundi walikuwa wakifunga mashine ya MRI, ambayo sumaku yake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika. Gesi ilivuja na kusambaa jengoni kupitia mfumo wa hewa. Simu na saa kama 40 zikazimika, zote za Apple. Simu za kampuni nyingine hazikuguswa. Ilibainika kwamba iPhone za miaka hiyo zilikuwa zimeacha fuwele na kutumia saa ya silikoni, kijidude kinachotikisika ndani ya ombwe dogo mno. Ukuta uliozuia naitrojeni, oksijeni na maji uliipisha heliamu, kijidude kikapoteza mdundo, simu ikafa. Nyingi zilifufuka zenyewe baada ya siku kadhaa, heliamu ilipotoka kwa njia iliyoingilia. Mtengenezaji hakudanganya: kifaa kilikuwa kimezibwa kwa kila gesi ambayo mtu wa kawaida angekutana nayo.

Sisi heliamu hiyo tunayo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina akiba kubwa, na ushahidi wao wa kwanza ulikuwa viputo vya chemchemi za moto ambavyo wenyeji wamekuwa wakivitazama siku zote. Maelezo yao yanaeleweka kirahisi. Miamba ya kale ya katikati ya nchi imekuwa ikizaa heliamu tangu enzi, nayo ikabaki imenaswa. Joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungua, ikapanda, na sehemu yake ikanaswa tena chini ya tabaka za udongo mgumu. Tabaka hizo huvuja polepole, ndiyo maana viputo vipo. Mwaka 2024 kisima cha uchunguzi huko Itumbula kilileta juu gesi yenye heliamu.

Gesi hii ikishatoka ardhini na kuponyoka hewani, hakuna wa kuirudisha; ni nyepesi kiasi kwamba hupanda na hatimaye huiacha dunia. Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ni kwa wanaopanga mitaala ya vyuo vya ufundi, kuanzia Mbeya, jirani na Rukwa yenyewe: kabla mitungi ya kwanza haijapakiwa kwenye malori, nunueni mashine ya kupima mvujo, muiweke mahali ambapo vijana wataishika kwa mikono yao, na mtihani wao wa kwanza uwe kukipata kifaa kibovu ambacho mashine imekipitisha.